Kaka, marehemu baba au daftari: niandike shida ipi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Tanga na mama na kaka yangu. Nimemaliza kidato cha sita mwezi wa Mei, tahasusi ya PCB, nikapata divisheni wani ya pointi sita. Wiki tatu zilizopita nimerudi kutoka JKT, nimekonda na nimeungua jua mpaka mama alinishangaa mlangoni. Sasa naomba vyuo vya Marekani, vile vinavyotoa msaada wa ada kwa wanafunzi wa nje, kwa sababu sisi hata tukiuza nyumba hatufikishi ada ya mwaka mmoja. Na nyumba yenyewe ni ya urithi, ina wenyewe tisa.

Fomu yote nimejaza, imebaki insha. Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi, wanataka insha moja isiyozidi maneno 650, na katika maswali ya kuchagua lipo linalokutaka ueleze kikwazo au anguko ulilopitia, lilikuathiri vipi na ulijifunza nini. Mwalimu wangu wa zamani anayenisaidia kasema nichague hilo hilo, "wazungu wanapenda hadithi ya kuliza." Tatizo langu si kukosa shida, Shangazi. Ninazo tatu, sijui niuze ipi.

Ya kwanza ni kaka. Alianza kutumia unga nikiwa kidato cha kwanza. Aliuza mtungi wa gesi, akauza redio, na siku moja akauza viatu vyangu vya shule, nikaenda na kandambili nikarudishwa getini. Nilipokuwa kidato cha tatu nilishuka sana darasani, maana usiku tulikuwa hatulali, mmoja wetu lazima abaki macho kulinda vitu. Nimemwona akiwa na arosto, kajikunja sakafuni anatetemeka na jasho linamtoka. Mwaka jana mwezi wa Novemba aliingia kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuacha unga, na tangu siku hiyo kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake mbele ya muuguzi. Likizo ya Desemba mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza. Siku hizi amenenepa, na majirani wameanza kumwita tena kwenye vibarua. Mama hataki kusikia habari ya kuliandika hili. Anasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Mwalimu naye anasema mficha uchi hazai.

Ya pili ni baba. Alifariki nikiwa na miaka minne. Mwalimu anasema yatima ana nguvu kuliko yote. Lakini mimi simkumbuki baba. Nakumbuka kanzu yake kwenye msumari nyuma ya mlango, basi. Nikijaribu kuandika naona kama namwandika mtu wa kwenye tamthilia.

Ya tatu naona hata aibu kuiita shida, kwa sababu kila mtu kaipitia. Mimi nimesoma shule ya msingi ya serikali, kila kitu Kiswahili. Kufika kidato cha kwanza masomo yote Kiingereza, nikawa kama kiziwi. Mtihani wa kwanza wa baiolojia nilipata 11 katika 100. Mwalimu alisema tishu ni kundi la seli, mimi nikawaza zile za chooni. Akasema "blood vessel", nikatafuta "vessel" kwenye kamusi nikakuta chombo, na kwetu huku chombo ni jahazi, basi nikaandika kwenye mtihani kwamba damu husafiri kwa jahazi. Darasa lilicheka wiki nzima. Tukaamua, mimi na mwenzangu wa dawati, kutengeneza daftari letu la maneno, na mpaka kidato cha nne lilikuwa madaftari manne. Sasa hivi yapo kwa watoto wa mtaa wa pili, wanapokezana. Ila hilo si la kuandikia Marekani, najua.

Na mwisho, kuna jamaa mwenye steshenari karibu na stendi anaandika insha hizi kwa shilingi 50,000. Kanionyesha moja, ya mtoto anayetembea kilomita 15 kwenda shule na kusomea koroboi. Anasema atabadilisha jina tu. Mimi shule yangu ya msingi ilikuwa ng'ambo ya barabara, kengele ikilia namalizia chai.

Chuo cha kwanza kinafunga tarehe 1 Novemba. Nisaidie.

Mwenye Shida Tatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole na JKT.

Lile jahazi la damu limenichekesha peke yangu jikoni mpaka mjukuu akaja kuuliza kuna nini. Nimelitaja mwanzo makusudi, nitalirudia. Kwanza tuondoe takataka njiani.

Miaka ya nyuma nilikaa kwenye kamati iliyochambua maombi ya ufadhili wa masomo. Tulikuwa watu watano na rundo la insha, tunasoma baada ya kazi, chai ya rangi mezani. Jioni ya kwanza nilitokwa machozi mara mbili. Jioni ya tatu nilikuwa nawachanganya yatima, simkumbuki yupi alilelewa na bibi na yupi na shangazi. Si kwamba moyo ulikuwa umekufa. Insha zilikuwa zinafanana, "nilizaliwa katika familia maskini", halafu koroboi, halafu mto wenye mamba. Mmoja alisomea koroboi katika kijiji ambacho mimi nimefundisha, na umeme ulikuwepo. Niliowakumbuka hadi leo ni wale walionionyesha kitu wanachokijua wao. Yupo kijana aliyeeleza jinsi alivyokuwa akigawa ndoo moja ya maji kwa watu saba, nani anaoga kwanza na kwa nini. Umaskini hakuutaja hata mara moja. Tulimchukua.

Kwa hiyo mwalimu wako, pamoja na heshima zake zote, hapo kwenye kuliza kakosea. Msomaji wa chuo ana mafaili mengi mbele yake na hayapangi kwa wingi wa machozi. Lisome tena swali lenyewe. Lina vipande vitatu: nini kilitokea, kilikuathiri vipi, ulijifunza nini. Kimoja ndicho cha tukio, viwili ni vya kwako wewe. Wengi wanalijibu kinyume, maneno 500 ya msiba na 50 ya mwisho ya "tangu hapo nikajua sitakata tamaa." Na wala hukulazimishwa kuchagua hilo. Maswali yapo saba, la saba linakuruhusu mada yoyote uitakayo, na hakuna swali lenye alama zaidi ya jingine.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyekwambia. Fomu ile ina visanduku vingi, na kila shida yako ina kisanduku chake. Wewe unataka kuzisukuma zote ndani ya insha kama abiria wa daladala ya jioni.

Baba, kwa mfano. Umeshamjaza. Sehemu ya familia inauliza kama mzazi yu hai, ukajibu. Msomaji akifika kwenye insha anajua tayari kwamba umelelewa na mama. Usimtumie marehemu maneno 650 ilhali ulichonacho ni kanzu kwenye msumari. Wewe mwenyewe umeshasema unaona kama unaandika tamthilia, na ukiona hivyo wewe, msomaji ataona mara mbili. Kanzu hiyo ni nzuri, itunze. Huenda siku moja ukaiandikia jambo lingine, ukiwa mtu mzima na hakuna ada inayosubiri.

Umaskini nao una fomu yake. Vyuo vingi vya aina unayoiomba vitakutaka ujaze taarifa za fedha, wengine kwa CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya hali ya fedha ya familia, wengine kwa fomu zao wenyewe. Huko utaandika mama anapata nini kwa mwezi, nyumba ni ya nani (hao wenyewe tisa watawasumbua kidogo, andaa maelezo mafupi), watoto wangapi. Huko umaskini unaandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hazihitaji mapambo. Tena angalia kila chuo kimoja kimoja kama kuomba msaada kunapunguza nafasi ya mwanafunzi wa nje kuchaguliwa. Kwa vingi kunapunguza, na wenyewe wanasema hivyo kwenye tovuti zao. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami uwezo wa mfuko wako wakati wa kuchagua. Jua unakoelekea kabla ya kulipia bando.

Kuporomoka kwako kidato cha tatu pia kuna mahali pake. Kipo kisanduku cha hiari cha changamoto na mazingira, maneno 250. Hapo unaandika kama unavyomweleza daktari, bila kupamba: mwaka fulani nyumbani kulikuwa na mgonjwa, usiku hatukulala, alama zangu zikashuka, mwaka uliofuata zikapanda. Sentensi nne au tano. Na mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo anaweza kulithibitisha kutoka upande wake, na huko ndiko nguvu yake ya kutaka kusaidia itumike.

Tumebaki na kaka.

Methali zao mbili zote ni za kweli, ndiyo maana hazikusaidii. Mama kachukua yake, mwalimu kachukua yake, kama mawakili wawili mbele ya hakimu mmoja. Mimi nakuuliza swali ambalo hakuna kati yao aliyeuliza: kaka mwenyewe anasemaje? Ukurasa mzima umeniandikia kuhusu unga wake, arosto yake, dozi yake, na kote huko yeye hajafungua mdomo. Maradhi ni ya kwake, na mtu anayerudi kutoka kwenye unga anajenga jina lake upya kwa kokoto, leo jirani kamwita kupakua magunia, kesho mwingine kamwachia funguo. Utasema msomaji yuko Marekani, hamjui. Lakini insha haiendi Marekani peke yake. Mwalimu kaisoma, mwenye kompyuta kaisoma, na ukichaguliwa watu watataka kuona uliandika nini, na shule itataka kuibandika ukutani. Tanga ni ndogo.

Mkimaliza chakula cha usiku, mama akiwa kaenda kulala, mwambie wazi: "Kaka, nafikiria kuandika habari zetu, na wewe umo. Unaonaje?" Kisha unyamaze. Akikwambia andika, andika, lakini yeye apate maneno mia tu, na hayo mengine yawe ya yule msichana aliyebaki macho kulinda redio. Akikataa, au akinyamaza na kuinama, hilo ni jibu, usimwulize tena. Hata akikubali, mama naye asikilizwe. Yeye ndiye anayebaki mtaani, wewe utakuwa umepanda ndege.

Na kuna kipimo kingine, hiki ni chako peke yako. Barua yako imekwenda taratibu mpaka ilipofika kwa kaka, hapo sentensi zikaanza kukimbia. Miezi kumi na kitu ya methadoni bado ni michanga. Ukiandika leo kwamba amepona, na Februari akateleza (wanateleza, mwanangu, na wanarudi, ndivyo safari hiyo ilivyo), utajisikia umemsaliti yeye na insha yako pia. Kidonda ambacho bado unakifunga kila asubuhi usikipeleke kwenye mashindano.

Basi turudi kwenye jahazi.

Umeniambia hilo si la kuandikia Marekani, na unajua. Hujui. Umelificha mwisho wa barua kama mtu anayeficha senti kwenye pindo la kanga, nami nakwambia ndilo la kuandikia. Unasema kila mtu kalipitia. Ni kweli, mamilioni ya watoto wa nchi hii wametoka shule ya msingi ya Kiswahili wakatumbukia kidato cha kwanza cha Kiingereza, tangu enzi za Mwalimu Nyerere mpaka leo, na kila kizazi cha wanasiasa kinaahidi kulitazama. Nimefundisha kidato cha kwanza miaka kumi na minane, najua macho ya Februari yalivyo: mtoto aliyekuwa wa kwanza darasa la saba anakutazama kama samaki kwenye barafu. Mimi nilikuwa nikifunga mlango nafundisha kwa Kiswahili, mkaguzi akija natoa Kiingereza mfukoni. Wote tumepita humo. Waliotoka na madaftari manne yanayozunguka mtaani ni wangapi?

Kikwazo kilikuwa cha kwako, aibu ilikuwa ya kwako, na ulichokifanya kinashikika, mtu anaweza kukifungua akasoma. Hakuna wa kumwomba ruhusa isipokuwa mwenzako wa dawati, na huyo mtaje, usijifanye ulikuwa peke yako. Msomaji wa huko hajui kabisa kwamba mtoto anaweza kufaulu darasa la saba na miezi miwili baadaye asielewe neno darasani. Ukimweleza hilo kwa sentensi mbili atakaa vizuri kwenye kiti.

Anza na mtihani. Usianze na "elimu ni ufunguo wa maisha", nakusihi kwa jina la waliokuzaa. Anza na damu inayosafiri kwa jahazi, na kicheko cha darasa. Halafu nenda kwenye jambo ambalo mimi kama mwalimu nalitaka zaidi na wewe umelipitia juu juu: mlikuwa mnaandikaje hilo daftari? Neno lenye Kiswahili chake, kama usanisinuru, hilo rahisi. Yale yasiyo na Kiswahili mlifanyaje? Mlichora? Mlibuni? Mligombana? Lazima mligombana. Na "vessel" hatimaye mliiandika vipi, mshipa au mrija? Maana ukiangalia vizuri, wewe hukukosea ujinga. Ulichukua neno, ukalipeleka kwenye lugha yako, likarudi na maana ambayo kwenu ni sahihi kabisa. Mtu anayetaka kusoma baiolojia aliyegundua akiwa kidato cha kwanza kwamba neno moja linaweza kuwa mshipa kwenye kitabu na jahazi bandarini, huyo nataka nimsikilize. Maneno 400 ya insha yakae hapo.

Mwishoni kaka anaweza kupita bila kutajwa. Najua karatasi za vipimo hospitalini huja kwa Kiingereza. Kama ni kweli kwamba uliwahi kumsomea mama karatasi ya mtu wa nyumbani, ukamweleza ini ni nini na tarakimu zile zinasema nini, basi andika hivyo, "mtu wa nyumbani", na usiseme zaidi. Kama haikutokea, acha, maliza na watoto wa mtaa wa pili wanaopokezana madaftari.

Rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili, kwa mkono, ndefu utakavyo. Ndipo uipeleke Kiingereza, na uikate mpaka 650. Ukianzia Kiingereza utaandika kile Kiingereza cha mitihani, chenye "moreover" kila mstari. Mpe mtu mmoja asome, akuulize pale asipoelewa tu, asikuandikie. Wasomaji watano watakuachia insha ya wasomaji watano.

Huyo wa steshenari: pale unapobonyeza kutuma, unathibitisha kwamba kila kitu ni kazi yako na ni kweli. Wakigundua vinginevyo wanaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshafika. Common App wanahesabu hata insha iliyotungwa na programu ya akili bandia kuwa udanganyifu, kwa hiyo usije ukaokoa 50,000 ukaipeleka huko. Kwake kanunue karatasi.

Ukitaka niisome kabla ya tarehe moja, niletee kufikia wiki ya tatu ya Oktoba, siyo usiku wa tarehe 31 umeme umekatika. Na kaka yako msalimie. Mwambie kuna shangazi kauliza imefika miezi mingapi sasa.